Chaki Mbili za Lewis

Chaki ile mpya Menza hakuipokea. Aliitazama tu kiganjani mwa Lewis, ya buluu, pembe zake bado kali, kisha akasema ahsante, angetumia ya nyumba.

Waliokuwa wameegemea ukuta waligeuka kutazama. Katika chumba cha pool cha Bi Mwanapili, nyuma ya soko la Kombani, kukataa chaki ya mwenzio ni kama kukataa maji mlangoni kwake. Lakini hata namna Lewis alivyoitoa haikuwa ya hapo. Desturi ilijulikana: ukija na chaki yako hukatazwi, ila utaipaka kwanza ncha ya fimbo yako, mpinzani akikuona, kisha utaiweka ukingoni mwa meza iwe yenu nyote mpaka mchezo uishe. Hakuna aliyeitunga. Ilitoka huko huko kwa wazee wa Menza, bara ya Kinango, ambako anayekukaribisha tembo la mnazi hupiga funda la kwanza mwenyewe, ujue kwamba kama ni kufa mtakufa wote.

Lewis hakupiga funda. Alitoa chaki mpya mfuko wa kulia akampa Menza. Ilipokataliwa akaiacha ukingoni. Mfuko wa kushoto akatoa nyingine, kuukuu, iliyoliwa katikati kama kinu, akapaka fimbo yake, akairudisha mfukoni. Chungu cha mgeni mbali, cha mwenyeji mbali.

Na siku yenyewe haikuwa ya mzaha. Jumamosi timu ya Kombani ilikuwa inakwenda kucheza Msambweni. Wanne walikwisha kuchaguliwa, imebaki nafasi moja, na Bi Mwanapili, mwenye chumba na mwenye timu, alikuwa amekata shauri: Menza na Lewis wacheze mchezo mmoja, atakayeshinda aende. Menza, fundi wa pikipiki, hakuwahi kuachwa tangu timu iundwe. Watu walimsalimu barabarani kwa sababu ya meza ile, si kwa sababu ya pikipiki. Lewis alikuwa amerudi nyumbani mwezi uliopita tu, baada ya miaka ya kuhudumu katika mahoteli ya Diani, na alikuwa bado anamwambia kila mtu karibu sana, tafadhali, samahani, hata anayemkanyaga.

Sanga, rafiki yake Menza, alimsogelea akamnong'oneza kwamba wako watu hupaka chaki nta ya mshumaa. Ukiitumia, ncha huteleza, na wewe utadhani ni mkono wako umekwisha.

"Lile tabasamu nalo," Sanga akaongeza, "halijapumzika tangu aingie."

Hilo la nta Menza alikuwa amekwisha kuliwaza mwenyewe, tena na mengine mabaya zaidi.

Mchezo ulianza. Chaki ya nyumba, ya kijani, iliyofungwa kamba mguuni mwa meza, ilikuwa imekomaa kwa jasho la mikono ya watu. Ukiikwaruza inalia, haiachi kitu. Menza aliingiza mipira miwili mitatu kwa ujuzi tu. Kisha, kwa mpira ambao angeuingiza akiwa na usingizi, fimbo iliteleza, mpira mweupe ukajikokota kando kwa aibu. Mtu akacheka ukutani. Lewis akasema pole, na ile pole ilimchoma Menza kuliko kicheko. Mbona anamwonea huruma mapema hivi?

Lewis akacheza vizuri, akapaka chaki, akaitia mfukoni. Kila mara mfukoni. Menza akaona macho yake mwenyewe hayafuati tena mipira, yanafuata mfuko ule.

"Tubadilishane chaki," akasema.

Lewis akaduwaa. "Nikupe hii? Kaka, hii imetumika. Ile mpya nilikuwekea wewe."

"Naiona. Nataka hiyo."

"Siwezi kumpa mtu makombo, kaka."

"Makombo yako ndiyo ninayoyataka," Menza akasema. "Hiyo mpya itumie wewe."

Bi Mwanapili, aliyekuwa akihesabu soda kwenye kreti, akaacha. Kwa mara ya kwanza tabasamu likamtoka Lewis usoni. Alikuwa ameelewa anatuhumiwa, ila hakuelewa ametuhumiwa nini. Akamwekea Menza chaki kuukuu mbele yake, taratibu, akaichukua ile mpya akapaka fimbo mbele ya kila mtu. Akainama, akapiga. Mpira ukaenda moja kwa moja, ukaingia tunduni.

Basi haina nta, watu wakasema kwa macho. Menza hakushawishika. Pengine ni upande mmoja tu ndio uliopakwa, naye anaujua.

Wakaenda hivyo, bega kwa bega, hata meza ikabaki na mpira mweusi peke yake, na zamu ikawa ya Menza. Mweusi ulikuwa karibu na tundu la kati. Nafasi ya Msambweni ilikuwa pale, umbali wa shubiri mbili. Chaki kuukuu ilikuwa imeshika ncha vizuri, mkono umetulia. Menza akainama. Na katika kuinama huko, pembeni mwa jicho, akaona vidole vya Lewis vikiigeuza chaki mpya upande mwingine.

Akapiga huku akiutazama upande ule.

Mweusi uligusa mdomo wa tundu, ukasita, ukakaa hapo hapo. Lewis hakuhitaji hata kulenga.

Bi Mwanapili akasema Lewis ndiye atakayekwenda, akarudi kwenye soda zake. Sanga akakumbuka ana shughuli. Menza alibaki mezani. Aliichukua chaki mpya, akaikwangua upande kwa upande kwa ukucha, akainusa, akailamba hata. Vumbi tu la buluu. Chaki safi ya dukani, ambayo mtu aliinunua ili mgeni wake asipewe kilichotumika, kama alivyofundishwa hotelini.

Akatoka. Lewis alikuwa nje penye tangi, ananawa mikono. Menza akampa chaki zake. Alitaka kusema samahani. Lililotoka lilikuwa jingine.

"Jumamosi, ukifika kule, paka yako kwanza, wakuone. Kisha uiweke mezani. Usiwe na chaki mbili. Wale wa Msambweni hawatakuomba mbadilishane, watakuvunjia fimbo."

Lewis alifunga mfereji. Alimtazama Menza usoni, macho yakashuka mpaka mikononi, kama anayetafuta kitu kilichofichwa.

"Saa moja iliyopita hukutaka hata kushika changu," akasema. "Sasa unanifundisha. Nikifanya usemavyo, wewe unapata nini?"

Menza alitaka kusema hapati kitu. Akalisikia neno hilo jinsi litakavyotua katika masikio yale, akaliacha. Lewis naye hakuondoka. Alisimama na mikono inayochuruzika maji, akisubiri jibu.