Simu Iliyokubali

Taa ndiyo aliyoiona kwanza. Kimya alikuwa anafuta vumbi kwenye meza ya mjomba wake, fundi simu, asubuhi kabla duka halijafunguliwa, akaona taa ya buluu kwenye mashine ya marehemu kaka yake inapepesa mara mbili, inatulia, kisha inapepesa mara mbili tena. Jana kutwa ilikuwa inapepesa mara moja moja. Mjomba alishamweleza: mara moja, inatafuta, mara mbili, imeona mwenzake.

Imeona nani? Simu za wateja zilikuwa zimezimwa na kufungiwa kwenye droo. Ya mjomba ilikuwa mfukoni mwa mjomba, na mjomba alikuwa bado kwake anakunywa chai. Kimya mwenyewe hakuwa na simu. Akaendelea kufuta vumbi, ila upande ule wa meza hakuugusa tena.

Kaka yake alikuwa msoma mita za maji. Alipita nyumba kwa nyumba na hiyo kompyuta ya mkononi, nzito kama tofali, akifunua mifuniko ya mashimo, akipiga magoti na kubonyeza tarakimu. Jioni mashine ilirusha kazi ya siku nzima hewani, kwa Bluetooth, hadi kwenye simu yake, na simu ikaipeleka ofisini. Kwa miaka saba mashine na simu vilikuwa chanda na pete. Siku homa ilipomshika, mashine ilimponyoka ikatumbukia katika shimo la mita lililojaa maji. Spika ikafa. Matundu ya waya, ya chaji na ya kusikilizia, yakashika kutu. Wiki moja baadaye, naye akafa.

Lakini kioo kilikuwa kinaonyesha, na humo kulikuwa na sauti moja aliyoirekodi jioni ya kuamkia siku ya kulazwa hospitali. Jina lake: *Kwa Mama*. Dakika tatu na nusu.

Mama yao hakuwa na haja ya kitu kingine duniani. Siku kumi na mbili tangu mazishi alikuwa akifika dukani kila asubuhi, anakaa kwenye kigoda, anaitazama mashine kama anayemtazama mgonjwa.

"Ni mashine ya kizamani, dada," mjomba alimweleza tangu siku ya kwanza. Alikuwa amejaribu simu kumi na tisa. "Yenyewe inataka iandikiwe namba ya siri, tarakimu nne. Simu za siku hizi hazijui hayo. Zinaonyesha namba sita, zinauliza, ndizo hizi? Huyu anabisha hodi mlangoni, yule anachungulia dirishani. Wakwe waliokosana hao. Wanaonana lakini hawasalimiani."

"Mdogo wangu, mimi sikuja kuchekeshwa. Itoe betri ukaichaji nje."

"Ikitoka betri, kichwa chake chote kinafutika. Na ikiisha ikiwa humo humo, ni vilevile. Hii kumbukumbu yake ni kama maji kwenye kiganja."

Leo betri ilikuwa na asilimia sita. Hata hivyo mjomba aliingia na uso wa furaha, mama nyuma yake. Fundi redio mmoja, rafiki yake wa zamani, alikuwa amepata simu ya rika la mashine ile na kuipakia kwenye basi. Ingefika saa kumi.

"Nikiizima Bluetooth sasa hivi, itakula kidogo kidogo mpaka saa kumi," mjomba alisema akivuta kiti. "Saa kumi na robo, dada, unamsikia mwanao."

Akaishika mashine aizime Bluetooth. Mkono ukasimama.

"Hebu. Kimya, njoo unisomee, miwani nimeiacha."

Kimya aliachia shule darasa la nne, lakini maandishi ya kioo kile aliyajua; kaka yake ndiye aliyemfundishia hapo. Akasoma polepole: "Kifaa kimoja kimeonekana. Bwana Mita."

Mama akainuka. Bwana Mita ndilo jina ambalo watoto wa mitaa aliyopita walimwita kaka, naye akaiandika simu yake hivyo hivyo, kwa majivuno.

"Simu yake!" mama alisema. "Ile iliyoibiwa hospitali! Mwizi yuko hapa!"

Mjomba alishatoka mlangoni. Bluetooth ya mashine ile haikupita hatua kumi. Ndani ya hatua kumi palikuwa na mshonaji na cherehani yake, muuza mabeseni, na mbwa amelala. Mjomba akawakagua wote, mpaka mbwa.

"Bwana wee, umepoteza nini?" mshonaji aliuliza.

"Simu."

"Mbwa hana mfuko."

Kimya alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Simu ile haikuibiwa. Siku ya mazishi walimwacha peke yake chumbani dakika chache, apige brashi koti alilovikwa marehemu, naye akaitoa simu kwenye mkoba wa hospitali akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto. Kaka hakuwahi kwenda mahali bila simu; basi, hakufikiri zaidi ya hapo. Walipoanza kuitafuta aliona haya. Walipoanza kumlaani mwizi aliogopa. Mwishowe ukimya ukawa mkubwa kuliko yeye. Na makaburi yalikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu.

"Itume," mama alisema mjomba aliporudi.

"Dada, tungoje ile ya saa kumi. Kutuma kunakula betri. Hii asilimia sita inatosha safari moja, si mbili. Ile ya basi nina uhakika nayo; hii, mwenye nayo simwoni."

"Hizi zimejuana miaka saba. Hiyo ya basi nani anaijua? Kama iko ndani ya hatua kumi, mdogo wangu, tutaipata leo leo, hata kama ni kuomba." Akamgeukia binti yake. "Wewe unasemaje, mwanangu? Tungoje, au tutume?"

Kimya akafungua kinywa. Neno lilikuwa moja tu, *tungoje*, lakini nyuma yake lilikuwa limebeba mengine yote. Akatikisa kichwa, nao hawakuelewa ni kukubali au kukataa.

"Huyu ukimngoja aseme, kuku ataota meno," mjomba alisema. Akabonyeza.

Mashine haikuuliza namba ya siri. Haikubisha. Taa ikawaka moja kwa moja bila kupepesa, na Kimya akasoma kila kilichoandikwa, kwa kuwa alikuwa ameambiwa asome.

"Imeunganishwa. Inasubiri mpokeaji akubali."

"Hapo ndipo tutakapokwama," mjomba alisema. "Simu haijikubalii. Lazima mtu abonyeze kwa kidole."

Wakasubiri. Cherehani ya nje ilinyamaza. Harufu ya udongo mbichi, uliofukuliwa, ikapanda taratibu. Mjomba akainama chini ya meza kutazama kama bomba limevuja. Chini palikuwa pakavu.

"Mpokeaji amekubali," Kimya akasoma, kwa sauti ambayo haikufika mbali.

Asilimia tano. Nne. Mstari ulijaa bila haraka, kama mtu anayesikiliza huku akipokea. Mbili. Moja.

"Imepokelewa."

Kioo kikawa cheusi, taa ikazimika. Mjomba alibonyeza kitufe cha kuwashia mara tatu, akaiweka mashine chini kwa upole wa kuweka mtoto aliyelala. Humo hamkuwa na kitu tena. Akapiga namba ya marehemu. Haipatikani. Akapiga tena.

Lakini mama alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Amekubali! Si mmesikia? Aliyebonyeza ana mkono, ana masikio. Nitampigia magoti. Abaki na simu yake, anisikilizishe tu."

Akatoka nje. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa anatembea haraka. Akamshika mshonaji mkono, akamshika muuza mabeseni. "Mwanangu, hujaokota simu? Sikushitaki. Mna sauti ya mtoto wangu humo." Mtu akipita, anamfuata. Mjomba alikuwa anasogeza makabati, anavuta droo, anatukana vumbi.

Kimya aliona mama yake anapiga magoti kweli, pale barabarani, mbele ya kijana asiyemjua hata kidogo. Akatoka, akamshika mabega. Watu walikuwa wanatazama, na hakuna alichokiogopa maishani kama kutazamwa.

"Inuka, mama. Usiwaombe hawa, hawana kitu. Simu haikuibiwa. Mimi ndiye niliyemtilia kaka kwenye koti, kabla jeneza halijafungwa. Aliyekubali ni yeye."