Mchezo Tulioupeleka kwa Bi Tatu

Mzee Seifu, mwenyekiti wa msikiti wetu hapa Msimbu, alikataa mchezo wetu usichezwe kwenye Maulidi. Kama tunautaka sana mchezo, alisema, tuazime tena ule wa kina mama wa Kongowe, kule Kibaha.

"Ule uliwafurahisha watu, Mwalimu Zuwena."

Ndiyo, uliwafurahisha. Walicheka, wakala pilau, wakarudi makwao vilevile walivyokuja. Mchezo wa kuazima una raha yake: kila mtu anaamini anayesemwa ni mtu wa Kongowe. Mimi nafundisha madrasa mwaka wa kumi na tisa sasa, na nimechoka kukaririsha haki za mjane huku mjane mwenyewe ananyang'anywa shamba nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Mjane huyo ni Bi Tatu. Alikuwa kwenye eda, mwezi wa pili, hatoki uani kwake. Shemeji yake, Mwinyijuma, alishampata mnunuzi wa shamba la marehemu, na Jumamosi wangeandikishana. Kila aliyepita madrasa anajua kwamba mjane ana thumuni yake, na marehemu akiacha mtoto wa kiume, kaka mtu hapati kitu. Bi Tatu anao watoto wawili, wa kiume na wa kike. Mwinyijuma alilijua hilo vizuri tu. Alichokuwa anahitaji ni sahihi ya jirani wa mpaka, na jirani huyo ni Mzee Seifu.

"Basi tutaucheza kwa Bi Tatu," nilimwambia. "Yeye ndiye hawezi kutoka."

"Mwalimu, unanipima?"

"Nakualika, mzee wangu."

Alhamisi baada ya alasiri tulijaa uani kwa Bi Tatu, wanawake kumi na mmoja. Wanaume walisimama nje ya uzio wa makuti wakijifanya wanapita, Mzee Seifu na Mwinyijuma wakiwamo. Bi Tatu mwenyewe alikaa ndani, nyuma ya mlango.

Tuliutunga mchezo ule kwa wiki tatu, kwa sharti moja: kila mmoja alete maneno aliyoyasikia kwa masikio yake, asibuni. Nafasi ya shemeji aliiomba Maulida, mke wa Mwinyijuma. Kofia hakuivaa, aliishika mkononi tu. Hatukutaka kumpa mtu kisingizio cha kusema mwanamke kajigeuza mwanamume.

"Akimaliza eda," Maulida alisema kwa sauti nzito, "atakuta shamba lina mwenyewe. Atalia, atanyamaza, ataolewa huko."

Mzee Seifu akaingia uani.

"Nani katunga maneno haya?"

Alitaka mmoja. Mmoja unaweza kumfukuzisha madrasa. Nilisimama, na kabla sijafungua mdomo Yasmin, binti wa Bi Tatu, naye akasimama.

"Yale ya mwanzo ni yangu. Aliyasema baba mdogo, siku ya tatu ya msiba wa baba."

"Na ya kwamba mwanamke harithi miti, nimeyaleta mimi," alisema mwenzetu Zuleha. "Nimeambiwa mimi."

Wakasimama wengine, kila mmoja na lake. Mwisho wakabaki wanamtazama Maulida.

"Haya niliyoyasema sasa hivi," Maulida alisema, "nimeyasikia chumbani kwangu, Jumatatu."

Niliona fahari hata nikaona aibu kuwa nilimwogopea. Mzee Seifu alimgeukia Mwinyijuma aliyekuwa nje ya uzio.

"Jumamosi usinipitie," alimwambia. "Sahihi yangu hupati."

Mwinyijuma alimwita mkewe kwa ukali. "Maulida! Nyumbani, sasa hivi!"

Hapo mlango ukafunguka kidogo, tukasikia sauti ya Bi Tatu. "Jamani, mwanzo sikuusikia vizuri. Rudieni."

Maulida alikohoa kusafisha koo.

"Tangulia, baba Jabiri," alisema. "Mimi nacheza."