Gontalik, Watu Tisa

Jina langu lilichongwa kwenye jiwe la kaburi nikiwa na miaka ishirini na mitatu, mzima wa afya, nimechumbiwa, na mdomoni bado nina ladha ya keki ya jibini. URSZULA GONTALIK, 1975, kisha kistari, kisha nafasi tupu.

Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, mwaka 1998. Kijiji kizima kilikuwa makaburini, na moshi wa mishumaa ulitanda chini kama ukungu. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwetu si ajabu mjane kuchonga jina lake kando ya la mwenzake na kuacha tarehe moja ikisubiri. Jiwe linanunuliwa mara moja, na watoto wanapunguziwa usumbufu. Lakini hakuna anayechonga jina la binti aliye hai. Baba alikuwa ameagiza jiwe kimyakimya, na mimi nililiona siku ileile na watu wengine wote.

"Baba, hili nini?"

"Jiwe ni pana," alisema. "Fundi alikuwa na nafasi."

"Mimi naolewa Juni."

"Kuolewa si kufa."

"Naolewa na Nowak, baba."

Aliinama kuwasha mshumaa, akakinga njiti kwa kiganja. "Najua. Ndiyo maana nilimwambia achonge sasa."

Nyuma yetu alisimama Bi Halina Nowak, mama wa mchumba wangu, na shada la maua meupe mkononi. Alisoma jiwe mara mbili, akapiga ishara ya msalaba, akamgeukia mwanawe. "Leszek, msichana wako ana kaburi kabla hajawa na sufuria."

Nilicheka, kwa sababu ilibidi mtu acheke. Baba hakucheka. Nilimwona akipapasa herufi za jina letu kwa kidole gumba, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Baba yangu, Walenty Gontalik, alibeba barua kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi hiyo ilimfundisha majina. Alijua bonde gani lina akina nani, jina gani limekuja na reli, lipi lilishuka kutoka milimani pamoja na kondoo. Na alijua kuwa jina letu halimo kwenye mlango wowote isipokuwa milango mitatu, yote ya ndugu.

Mwaka 1993 maktaba ya mjini ilipokea kamusi ya majina ya ukoo ya nchi nzima, vitabu vingi vyenye majalada mazito, na mbele ya kila jina idadi ya watu wanaolibeba na mkoa wanakoishi. Baba alinipeleka Jumamosi asubuhi, amevaa tai. Alipata ukurasa, akaweka kidole. Gontalik: 9. Mkoa wa Nowy Sącz: 9. Basi. Juu na chini yake kulikuwa na majina ya mamia na maelfu, na letu limebanwa hapo katikati kama mtoto kwenye foleni ya mkate.

Akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti ya chini maana ilikuwa maktaba. "Bibi yako Rozalia. Mimi. Mama yako. Wewe. Ignacy na Krysia. Mabinti zao wawili. Shangazi yako Bronka." Alibaki na kidole kimoja kimekunjwa. "Wote tumo, Ula. Hawakumsahau hata mmoja."

Mwaka ule, mkesha wa Krismasi, tisa wote tuliketi meza moja. Baba alisimama na mkate mwembamba wa baraka mkononi na kusema, "Taifa zima la Gontalik limeketi. Tunaweza kuanza."

"Basi taifa lipitishe viazi," alisema Bibi Rozalia.

Nikikumbuka chumba kile sasa, ninachokumbuka kwanza ni joto. Madirisha yalitoka jasho. Baba mdogo Ignacy alikuwa amevua viatu chini ya meza na kila mtu alijua. Mama aliinuka kila dakika mbili kuangalia sufuria ambayo haikuhitaji kuangaliwa. Na baba alisimulia tena, kwa mara ya mia, kwamba sisi ni ukoo wa mafundi wa vigae vya mbao, na kwamba babu wa babu zetu ndio waliopaua kanisa la parokia. Kila ukoo kwetu una jambo lake la kujivunia. Wengine walikuwa na mashamba, wengine padri. Sisi tulikuwa na paa.

Baada ya hapo namba ilianza kushuka. Bibi alikufa. Mama alikufa. Mabinti wa baba mdogo waliolewa mwaka mmoja, mmoja akawa Wójcik na mwingine akachukua jina la mumewe na kuhamia pwani ya kaskazini. Tukabaki watano, na kati yetu mwenye uwezo wa kuzaa nilikuwa mimi peke yangu. Hakuna aliyenieleza hivyo. Sikuhitaji kuelezwa. Nilikuwa na diploma ya teknolojia ya vyakula na kazi kwenye kiwanda cha maziwa, na hesabu ya kutoa haikunishinda.

Lakini nilikuwa nimeshaamua. Ningekuwa Nowak, na watoto wangekuwa akina Nowak. Bi Halina alitaka hivyo, Leszek aliona ndiyo kawaida, na mimi sikutaka kuanza ndoa kwa kugombania herufi. Tena ni jina rahisi. Ukiliita sokoni, nusu ya watu wanageuka. Nchi nzima wako zaidi ya laki mbili. Baba sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia baadaye, jinsi mtu anavyojiambia kuhusu daktari wa meno.

Majira yale ya baridi baba alikwenda mara mbili kwa padri kuangalia vitabu vya zamani vya ubatizo. Alitaka kunichorea mti wa ukoo uwe zawadi ya harusi. Mara ya pili alirudi, akatundika koti, akasema wino umefifia na macho yake ni mabovu. Hakutaja tena mti. Hakutaja tena mafundi wa vigae. Niliona, lakini nilikuwa na orodha ya wageni, gauni la kupunguzwa kiunoni na zamu za usiku. Sikuuliza.

Mwezi Mei tulikwenda ofisi ya msajili kuandikisha majina, maana kwetu kabla ya harusi ya kanisani lazima mtamke mbele ya karani mtaitwa nani: mume, mke, na watoto ambao hata hawajazaliwa. Baba ndiye aliyetuendesha na kigari chake kidogo. Alikataa kuingia. Aliketi kwenye benchi la ukumbini, kofia juu ya magoti, kama mtu anayesubiri matokeo ya picha za kifua.

Karani alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya mnyororo.

"Bwana Nowak anabaki Nowak?"

"Nitakuwa nani tena," alisema Leszek.

"Na bibie?"

"Nowak," nikasema. Ilitoka vizuri tu. Kalamu ikaandika.

"Na watoto?"

Nilifungua mdomo. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na katika ule upenyo niliona kiatu cha baba, kile cheusi cha posta, kimepigwa rangi hadi kinang'aa.

"Naomba nitoke kidogo," nikasema. "Nimeacha kitambulisho kwa baba."

Kitambulisho changu kilikuwa mezani, chini ya mkono wa karani. Alikitazama, akanitazama mimi. "Kakitafute," alisema. "Mimi sina haraka."

Baba aliponiona alisogea kunipisha kwenye benchi.

"Mmemaliza?"

"Bado."

"Umefika kwenye watoto."

Alizungusha kofia magotini, nusu duara, kisha akairudisha.

"Sikia, Ula. Andika Nowak."

"Unasemaje?"

"Watoto waandike Nowak. Halina atatulia. Na yule fundi nimeshaongea naye, atakuja kusugua lile jiwe. Ulikuwa upumbavu wa mzee."

"Baba, miaka yote hii umekuwa ukituhesabu kama kuku."

"Hakukuwa na mafundi," alisema.

Sikuelewa. Akaniambia bila kunitazama, macho kwenye ukuta wa mbele ambako palibandikwa tangazo la chanjo ya mbwa. Kitabu cha ubatizo, mwaka 1838, mwezi Machi. Padri alimsomea kwa sababu ni Kilatini. Mtoto wa kiume, umri kama siku tatu, ameokotwa kwenye banda la kupasulia vigae, ndani ya maranda. Baba hajulikani. Mama hajulikani. Padri wa wakati huo alimbatiza Józef, na kwa kuwa lazima mtu awe na jina la ukoo, akamtungia moja kutokana na vile vigae, gont kwa lugha yetu.

"Kabla ya siku hiyo hakuna mtu duniani aliyeitwa Gontalik," alisema baba. "Nilifikiri nitakuta mti. Nimekuta mmoja, kwenye maranda. Maisha yangu yote nimejivunia paa, kumbe sisi hata paa hatukuwa nalo."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Hilo ndilo lililonitisha.

"Ni jina la kuokotwa, mwanangu. Usilibebe kwa ajili yangu."

Alidhani ananitua mzigo. Ingekuwa rahisi kumshukuru, kurudi ndani na kumaliza. Ndicho nilichokuja kufanya. Lakini mimi ni mtu wa maziwa, najua kipi kinadumu kwenye baridi na kipi hakidumu. Machi huko kwetu theluji bado inafika magotini. Mtoto wa siku tatu hadumu. Mtu alilazimika kumwona, kumtia ndani ya koti, kumtafutia mwanamke mwenye maziwa. Mtu mwingine baadaye alikubali kumpa binti yake. Ikaendelea hivyo, nyumba kwa nyumba, hadi tukaketi tisa mezani na madirisha yakatoka jasho. Mapaa ya kanisa sikuwahi kuyajali hata siku moja. Huyu mtoto nilimjali.

"Kuna mtu alikuja kulidai?" nikamuuliza.

"Kudai nini?"

"Hilo jina. Miaka mia na sitini. Kuna aliyegonga mlango akasema ni langu, nirudishieni?"

Alifikiri kwa dhati, kama vile swali lilihitaji uchunguzi. "Hapana."

"Basi ni letu."

Nikainuka. Alinishika mkono wa gauni. "Ula, usifanye kwa huruma."

"Baba, lini umeniona mimi na huruma?"

Hapo akaniachia.

Ndani, Leszek alikuwa akimsimulia karani habari za matrekta. Niliketi.

"Nimekipata," nikasema.

"Naona," alisema karani.

"Naomba ufute pale kwenye mke. Nabaki Gontalik. Na watoto pia, Gontalik."

Leszek aligeuka taratibu. Ni fundi wa matrekta. Mashine ikibadilisha sauti, husikiliza kwanza kabla ya kugusa. Alinitazama, akatazama mlangoni, akatazama kile kiatu.

"Mama ataniua."

"Akina Nowak mko laki mbili. Akikuua hawatagundua."

Karani aliinamisha kichwa juu ya fomu na kutafuta kitu ambacho hakikuwapo.

"Una uhakika?" aliuliza Leszek, na safari hii hakutania.

"Ndiyo."

"Basi andika, mama," alimwambia karani, "kabla hajaniondoa na mimi."

Baba nilimwambia kwa maneno matatu pale ukumbini. Alivaa kofia, akatangulia hadi kwenye gari, akatuendesha kilomita kumi na nne hadi nyumbani kwa gia ya pili, injini inalia njia nzima, na Leszek, ambaye maumivu ya injini huyasikia mwilini, alinyamaza kwa heshima.

Bi Halina alitununia hadi Tymon alipozaliwa. Alikuja hospitali, akafunua blanketi, akamkagua mjukuu kama jogoo wa kununua. "Pua ni ya Nowak," alitangaza. "Karatasini waandike wanavyotaka." Miaka mitatu baadaye akazaliwa Witek, na pua ilikuwa ileile.

Baba hakufuta jina langu kwenye jiwe. Nami sikumwomba.

Baadaye serikali ilianza kutoa kila Januari, mtandaoni, orodha ya majina yote ya ukoo na idadi yake, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Hakuna haja ya kuvaa tai tena. Nilikuwa namchapishia baba mstari wetu peke yake, karatasi nzima na mstari mmoja katikati. Baba mdogo Ignacy alipofariki, wanaume walibaki watatu. Baba aliweka ile karatasi kwenye droo ya vijiko na kuitoa mgeni alipokuja. "Mimi, Tymon, Witek," alisema, akigusa namba ileile mara tatu.

Alifariki Novemba 2015, usingizini, mwenye miaka sabini na saba. Fundi alikuja kuchonga tarehe iliyokuwa ikisubiri. Alifanya kazi nusu saa, akanywa chai, akaondoka.

Januari nilifungua orodha. Nilikuwa jikoni, aproni kiunoni, supu imeanza kuchemka. Wanaume: 2. Katika nchi ya watu milioni thelathini na nane namba moja ilikuwa imeshuka kwa mtu mmoja, na nilijua alipenda viazi vyake vimeungua kidogo upande mmoja.

Leszek aliingia kutoka karakana, akifuta mikono kwa tambara. Akasoma juu ya bega langu. Hakusema pole, tulishamaliza hayo. Akanyoosha kidole chenye grisi akapandisha ukurasa hadi juu kabisa, kwenye ukoo wake, akalinganisha na mwaka uliopita.

"Na sisi tumepungua," alisema. "Mamia."

"Akina nani?"

Aliitazama tena ile namba.

"Simjui hata mmoja," alisema, akavuta kiti, akaketi karibu nami.