Mluzi wa Tangi

Fundi hakujipa mwenyewe jina la Sikio. Alipewa na wateja, enzi zile alipoweza kusimama mlangoni mwa karakana yake, akasikia jenereta ya nyumba ya tatu ikinguruma, akatikisa kichwa na kusema, "Plagi hiyo haifiki kesho." Kesho yake kweli mwenye jenereta anakuja na plagi mkononi. Jina likamkaa, likaandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao juu ya mlango: SIKIO, FUNDI WA MASHINE NDOGO NDOGO. Sasa jaribu wewe kuishi chini ya maneno kama hayo halafu masikio yaanze kukusaliti.

Maana yalikuwa yameanza. Kwanza ilikuwa simu, ikawa inalia mfukoni mwake na watu wengine ndio wanaomwambia. Kisha ndege wa asubuhi wakanyamaza, akadhani wamehama. Sauti nene bado alizisikia, na injini alizipokea kwa viganja na meno, na maneno ya aliyemkabili aliyasoma midomoni, kwa hiyo kazi ilikwenda. Lakini kila kilicho chembamba, kengele, mluzi, sauti ya mke wake akisema naye kutoka chumba cha pili, kilikuwa kimemtoroka mwaka mzima. Hakumwambia mtu. Fundi Sikio, kiziwi? Bora aonekane jeuri. Na nyumbani alionekana jeuri kwelikweli. Hilo lilimuuma, ila si kiasi cha kumfungua mdomo.

Asubuhi ya Jumamosi shemeji yake akaingia na msumeno wa mnyororo begani. Huyu ni dada mkubwa wa mke wake, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, kazi yake kuangusha miti, burudani yake kumwangusha fundi.

"Shemeji, mgonjwa wako amerudi," alisema, akiutua juu ya meza ya kazi. "Ukiuwasha, hauna neno. Ukinguruma taratibu, hauna neno. Ukiubana resi hadi mwisho, dakika mbili tatu uko sawa, halafu unakwenda segemnege. Unapanda, unashuka, unakohoa. Juzi umenizimikia katikati ya shina. Mti umekatwa nusu, umesimama, tunatazamana."

"Ukafanyaje?"

"Nikauomba radhi. Lakini ule ulikuwa mdogo. Leo mchana nina ule ulioinamia paa la darasa, na huo sitaki kutazamana nao."

Fundi akakunja mikono ya shati. Alikuwa na utaratibu wake. Alifungua tangi, akaongeza petroli kidogo, kwa kuwa hakupenda kujaribu mashine yenye njaa, akafunga. Akatoa plagi ya zamani, akaweka mpya. Akavuta kamba, msumeno ukawaka, akabana resi hadi mwisho. Ukanguruma vizuri, sauti moja iliyonyooka.

"Plagi," alisema, kifua mbele.

Hakumaliza kuifuta ile ya zamani. Msumeno ukaanza: ukapanda, ukashuka, ukakohoa, ukafa.

"Plagi," alisema shemeji.

Fundi akaliacha hilo lipite. Alifungua tangi, akavuta chujio la mafuta kwa ndoano, akaweka jingine, akaongeza petroli, akafunga. Ukawaka, ukanguruma kama mpya. Akamtazama shemeji. Dakika ya tatu ukakohoa. Akahamia kwenye chujio la hewa, akalipuliza, akalikung'uta. Akafungua kabureta, akaitandaza vipande vipande juu ya gazeti, akaisafisha kwa brashi ya meno, akairudisha. Na kila alipomaliza, kabla ya kuwasha, alifungua tangi akaongeza tone la petroli, na kila mara msumeno ulipona kwa dakika tatu, na kila mara alitangaza ushindi. Kwa mara ya nne shemeji alikuwa tayari anapiga makofi kabla hajatangaza.

Katikati ya hayo mke wake aliingia kwa mlango wa nyuma na birika la chai. Injini ilikuwa imezimwa. Alisimama nyuma ya mumewe akasema kwa upole, "Nikuwekee sukari?" Fundi aliendelea kukaza skrubu. Mke akangoja, akarudia, kisha akalitua birika mezani kwa kishindo, na kishindo hicho fundi alikisikia vizuri sana. Alipogeuka, aliona mgongo tu ukiondoka. Shemeji aliuona mgongo huo pia, akamtazama fundi.

Msumeno ukazima tena. Fundi akafungua tangi.

"Hivi shemeji," alisema yule mwanamke, "hilo tangi linakupigia mluzi kila ukilifungua, au ndizo salamu zenu?"

"Mluzi gani?"

"Huo. Fyuuu. Leo mara ya nne."

Fundi alifunga kifuniko, akawasha, akabana resi mpaka msumeno ulipoanza kuyumba, akazima. Safari hii alikifungua kifuniko taratibu, akiwa ameinamisha kichwa hadi pua inanusa petroli. Hakusikia lolote. Alipouweka upesi ukingo wa kiganja juu ya tundu, ngozi ikavutwa ndani.

Akaelewa mambo mawili kwa wakati mmoja, na hakujua lipi limuumize kwanza. La kwanza lilikuwa tangi: halikuwa linapumua. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake, la sivyo tangi linajinyonga, na injini ikiwa na kiu ya resi ya mwisho haipati cha kunywa. Hewa huingia kwa kitundu kidogo kilichomo kwenye kifuniko. Akakigeuza kifuniko. Kitundu kilikuwa kimezibwa kwa gundi, kazi safi kabisa, na mikono iliyoifanya aliitambua. La pili lilikuwa masikio: mluzi ulikuwepo asubuhi nzima, na yeye hakuusikia.

"Mwezi uliopita," alisema polepole, "ulilalamika kwamba msumeno unakukojolea petroli kwenye suruali."

"Ukaniambia umeniponya."

"Nilikuponya."

Shemeji alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Yaani umeuziba pua! Umeuziba pua, halafu umekuja kuupima mapafu!" Alijifuta machozi kwa pindo la shati. Kisha kicheko kikamwishia. "Kwani wewe hukuusikia huo mluzi?"

"Injini ilikuwa inanguruma."

"Injini ilikuwa imezimwa, shemeji."

Fundi alichukua sindano, akainama kuchokoa gundi. Nyuma yake shemeji alisema, kwa sauti ya kawaida tu, "Karakana inaungua." Fundi alichokoa. "Inaungua na chai yako ndani." Fundi aliipuliza ncha ya sindano, akaendelea. Shemeji akaizunguka meza, akaja kusimama mbele yake.

"Nimekwambia karakana inaungua."

Fundi akatazama dari. Kisha akamtazama yeye, akashusha mabega.

"Usimwambie mdogo wako," alisema. "Nakuomba. Hilo jina ndilo linalonilisha. Na yeye aliolewa na mtu mzima, si na nusu."

"Simwambii," alisema shemeji, na hakuwa tena na utani. "Ila nitakwambia wewe alichoniuliza yeye wiki iliyopita. Ameniuliza kama chumba changu cha nyuma kiko wazi. Nikamwuliza, mmegombana? Akasema, afadhali tungegombana, maana anayegombana nawe angalau anakujibu."

Sindano ilimwanguka fundi mkononi. Aliogopa, na hakulificha hilo. Mwaka mzima alikuwa ameulinda ubao wa mlangoni, kumbe nyumba ndiyo iliyokuwa inahama.

Aliimaliza kazi. Kitundu kikafunguka, akaweka kipira kipya ndani ya kifuniko ili suruali ya shemeji isalimike, akaupeleka msumeno uani na kuukatisha gogo kwa resi ya mwisho. Dakika kumi, sauti ileile, bila kuyumba. Hapakuwa na aliyetangaza ushindi. Mchana ule mti uliangushwa bila kugusa hata bati moja, lakini hiyo ni habari ya shemeji, na ataisimulia mwenyewe, tena mara nyingi.

Fundi alimkuta mke wake chumbani akikunja nguo. Alikuwa amezigawa mafungu mawili, la mume na la mke, na fungu la mke lilikuwa karibu na begi. Fundi akazunguka kitanda mpaka akasimama mahali anapouona uso wake.

"Sikusikii," alisema.

"Najua hunisikii. Hata mashine zinajua."

"Hapana. Masikio yangu. Hayasikii. Yamekufa upande wa sauti nyembamba, na sauti yako imo humo humo."

Mke aliacha kukunja. "Tangu lini?"

"Mwaka sasa."

Akaketi juu ya fungu la nguo zake mwenyewe. "Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima nimesema na ukuta, nikidhani ukuta umenichoka! Mjinga wewe. Mjinga mkubwa." Alikuwa analia na kucheka pamoja, na fundi, aliyemwona vizuri, naye machozi yakamtoka.

"Niambie tena," alisema. "Yote yaliyonipita."

"Yote? Utakesha."

"Yote."

Mke akafikiri. "Nilikwambia shati hilo halikupendezi. Nimekwambia mara sita."

"Nitalivua."

"Nilikwambia bomba la jikoni linavuja." Akalishika shati lililokuwa mapajani mwake, akalikunja, akalikunjua. "Na usiku ule mama alipolazwa, nilikwambia naogopa. Ulikuwa umeinama unavua viatu. Ukamaliza kuvivua, ukalala."

Fundi akavuta kigoda, akaketi karibu naye mpaka magoti yao yakagusana, akakaza macho kwenye midomo yake.

"Hilo," alisema. "Anza na hilo."