Mgeni Asiyepewa Kahawa

Mikanda mitatu mizima ya kamera Egbert aliimaliza kwa kumpiga picha Novatus akila. Wa nne akauficha sandukuni, chini ya shati la kanisani, akingoja shughuli nyingine ambayo hata mwenyewe hajaijua.

Egbert alikuwa karani wa mizani ya kahawa pale Nkwenda, kijana wa Muleba aliyeletwa Karagwe na kazi. Kamera aliuziwa na Mzungu mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa ya kutia ufunguo kama saa: unazungusha, unabana, inakoroma, na kabla hujakohoa mara mbili imekwisha nguvu. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, na watu wa huku sinema walishaijua. Gari la serikali lilikuwa likija kuwaonyesha namna ya kunawa mikono na namna ya kupogoa mibuni. Egbert aliitazama ile ya kunawa mikono mara nne. Mara ya nne akajiuliza: hivi watu hawa wakichekeshwa kidogo watakufa?

Basi akatunga ya kwake. Mgeni anapiga hodi kwa mama mmoja, anasema hakai, anapita tu. Anakaa. Anakula ndizi na maharage, anaongezwa, anakomba chungu, analala, anaamka anauliza cha asubuhi. Siku ya tatu mama anamkabidhi jembe, na mgeni anatimua mbio migombani hata kofia inabaki nyuma. Mgeni alikuwa Novatus, fundi cherehani, mtu mwembamba kama uzi wake lakini tumbo lake halina mwisho. Mama alikuwa Kokwijuka, mjane wa kijiji cha Kaisho, maana nyumba yake ni safi na ua wake unapata jua zuri. Mikanda ikaenda Nairobi kwa posta kusafishwa, ikarudi baada ya wiki sita, Egbert akaiunga kwa gundi na mate.

Mashine ya kuonyeshea ilikuwa ya Abdulghani mwenye duka, ambaye babu yake alitoka Pangani ingawa yeye mwenyewe bahari hajaiona.

"Karani, mashine nakupa na ghala nakupa," alisema Abdulghani. "Watu wakicheka, sinema yako inapanda lori langu, tunaizungusha magulioni mpaka Kituntu. Wasipocheka, nisikusikie tena. Na uwaulize wenyewe, hadharani, usije ukasema mimi ndiye nimekuharibia."

Jumapili, watu walipotoka kusali, ghala la kahawa likajaa. Madirisha yalizibwa kwa magunia, shuka likatundikwa, injini ya umeme ikawa inakohoa nje. Kokwijuka alikaa mbele kabisa na kanga mpya. Egbert akasimama akasema, "Wazee wangu, mama zangu, mkishatazama mniambie kweli. Msinionee haya."

Hayo ni maneno ambayo mtu mwenye akili hawaambii watu wa Nkwenda.

Novatus alipotokea shukani akija na kofia yake, watu walipiga makofi. Walicheka alipojikwaa mlangoni. Halafu akaketi, akaletewa chakula, akaanza kula, na pale ambapo Egbert alitazamia ghala lipasuke kwa kicheko, ghala likanyamaza. Novatus akaongezwa, kimya. Akakomba chungu, kimya. Hata mbio za migombani walizitazama kama watu walio msibani.

Magunia yakaondolewa, mwanga ukaingia.

"Haya, semeni," alisema Egbert, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi nimeipenda," alisema Placida, muuza ndizi. "Ila pua ya Novatus imejaa shuka zima. Kwani hiyo pua ndiyo inayokula?"

"Yule ng'ombe anayepita nyuma," aliuliza mzee mmoja, "si wa Cassian yule, mwenye baka usoni?"

"Ni wangu," alijibu Cassian kwa fahari.

"Mbona shemeji yako ulimwambia umemuuza?"

Cassian akaanza kutafuta mlango, na hapo ndipo watu walipocheka kweli. Egbert akaona uchungu: ng'ombe aliyepita mara moja tu amemshinda Novatus wa mikanda mitatu.

"Lakini mgeni je?" akauliza. "Mbona hamkumcheka mgeni?"

Akajibu bibi Auleria, ambaye umri wake ulimruhusu kusema lolote.

"Tumcheke kwa lipi? Mtu kafika kwa watu, kakaa, hakuna aliyemkaribisha kahawa. Kaletewa chakula hivi hivi, kama mbwa. Mimi nikifikia nyumba isiyonipa hata punje moja ya kutafuna, nami nitakula mpaka mwiko. Yule mgeni ana haki yake."

"Ana haki!" wakaitikia wengine.

Macho yote yakamgeukia Kokwijuka. Mama yule akainuka polepole.

"Karani."

"Naam, mama."

"Siku ile Novatus alipofika, sikuleta kikapu cha kahawa?"

"Ulileta, mama."

"Sikutafuna mimi kwanza, ajue haina sumu, ndipo nikampa?"

"Nilikula kiganja kizima," alisema Novatus. "Tena nikaongezwa."

"Wewe nyamaza. Karani, mashine yako ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeizima, mama. Nilikuwa naubania mkanda usiishe."

Na ndivyo ilivyokuwa. Egbert alizaliwa akaikuta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, anakaribishwa nayo kila nyumba anayoingia. Kwake ilikuwa kama kupumua, na nani anapoteza mkanda kupiga picha ya mtu akipumua? Sasa alielewa. Jambo ambalo kila mtu analijua, likikosekana, kila mtu analiona.

"Ichome," alisema Kokwijuka.

"Mama waitu!" alimsihi Egbert.

"Ichome nikiona. Miaka thelathini katika nyumba ile hajatoka mgeni na mdomo mkavu. Leo nibebwe kwenye lori, nitembezwe magulioni kwamba mimi ni mchoyo?"

"Lori halijaondoka, mama," alisema Abdulghani taratibu. "Wala sijasema litaondoka."

Egbert akalikumbuka shati la kanisani na kilicho chini yake.

"Mama, ninao mkanda mmoja. Wa mwisho. Nipe Jumamosi moja, niipige kahawa yako mwanzo mpaka mwisho. Nikishaiunga uitazame. Ukikataa, kiberiti ni chako."

Kokwijuka akaikaza kanga yake kiunoni. "Novatus aje na njaa," akasema.

"Hilo usinifundishe, mama," alisema Novatus.

Jumamosi Egbert alifika Kaisho kwa baiskeli, Novatus amepakiwa nyuma na kofia yake. Sakafu ilikuwa imetandikwa majani mapya. Egbert akatia ufunguo, akabana, kamera ikakoroma. Novatus akaketi, Kokwijuka akatoka na kikapu, akatafuna, akampa kwa mikono miwili. Vizuri kabisa, kama alivyotaka. Egbert akatia ufunguo tena ili apige mgeni akitafuna.

Ndipo mlangoni akaingia Adventina, jirani wa upande wa juu, na kikapu chake.

"Mama Adventina, tunapiga picha!"

"Ndiyo nimesikia. Nami nyumba yangu si ya choyo. Nitaonekana nimekaa tu, mgeni amefika kwa jirani?" Akatafuna, akampa Novatus.

Nyuma yake alikuwepo Eugenia. Nyuma ya Eugenia, Anatolia na dada yake. Habari ya ghala la Nkwenda ilikuwa imeshafika Kaisho siku nyingi, na kila nyumba ilijua nini kitatokea kwa nyumba isiyoonekana ikikaribisha. Wakapanga mstari mpaka nje ya ua. Kukataa kahawa ya mtu huwezi, basi Novatus akawa anapokea, anashukuru, anatia mdomoni. Mashavu yakavimba pande zote mbili. Macho yakamtoka. Alipokosa pa kutia akaanza kuweka kwenye kofia.

"Tokeni, mama zangu, mkanda unakwisha!" Egbert alilia, lakini kidole hakukiondoa, mkono wa pili ukizungusha ufunguo bila kupumzika, maana akikiondoa kuna mtu atakatwa, na mtu huyo hatamsamehe mpaka kaburini. Kamera ilikoroma hadi mkanda ukaisha ukabaki ukipiga kofi ndani. Akaketi chini kwenye majani. Alitaka kikapu kimoja. Alipata tisa, na hana hata kipande cha mkanda kilichobaki.

Alirudi Nkwenda akiwa hasemi. Novatus naye hakusema, ila kwa sababu nyingine.

Wiki tano baadaye mkanda ulirudi kutoka Nairobi, na Egbert akauunga mahali pake bila kuutazama. Ghala likajaa kupita mara ya kwanza. Kaisho nzima ilikuwa imeshuka kwa miguu. Kokwijuka akakaa palepale mbele.

Kikapu cha kwanza, watu wakaguna, "Eee, sasa hapo." Cha pili wakatabasamu. Cha tatu bibi Auleria akaanza kupiga goti kwa kiganja. Adventina alipojiona akapiga yowe. Kikapu cha sita, mashavu ya Novatus yalipojaa shuka, ghala lote liliangua kicheko hata injini nje haikusikika. Na mtu yule, baada ya kukaribishwa na kijiji kizima, alipoletewa chungu akakikomba na kuuliza cha asubuhi, hakuwa na haki tena hata chembe. "Mpe jembe!" walipiga kelele. "Mama, mpe jembe!" Kokwijuka wa kwenye shuka akampa, na Kokwijuka wa ghalani akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga yake mpya.

Mwanga uliporudi, Egbert akamwendea, kiberiti mkononi.

"Mama, nimeleta. Unasemaje?"

Kokwijuka akakitazama kiberiti, akageuka kuwatazama Adventina, Eugenia, Anatolia na wenzao, ambao wote walikuwa wamesimama wakiwasikiliza na wala hawakujificha.

"Niwachome majirani zangu wote hawa?" alisema. "Wewe mtoto, unataka nihame Kaisho?"

Abdulghani alikuwa ameshatoka nje kumwamsha dereva.