Vigae vya Mama

Tanuru la kuyeyushia chuma pale Mbinga lilimtesa Restituta kuliko mume mlevi. Kila walipolipiga zege la kuhimili moto ndani, likipoa linapasuka. Mwenye kiwanda akasema wazi: likipasuka tena anafunga, kila mtu ashike njia yake. Na Restituta alikuwa na jambo lake. Mama yake, mfinyanzi wa Lituhi, alizikwa akawekewa vyungu vyake juu ya kaburi, vimetobolewa kama desturi yao ilivyo, basi. Alama nyingine hana. Restituta aliapa kwamba mshahara wa kazi hii utamjengea mama kaburi la saruji lenye jina.

"Tatizo ni udongo mbichi," alisema Cleopa, fundi mkuu. "Ukipata moto unanywea. Tuchanganye unga wa vigae vya vyungu vya zamani. Kilichokwisha kuungua hakinywei tena."

Vigae? Kwao Lituhi, kando ya ziwa, vimejaa tele! Restituta akampigia simu mdogo wake Ignatio akusanye, kiwanda kitanunua. Ignatio, mvivu yule wa kutupwa, safari hii akaleta magunia upesi mpaka dada mtu akamsifu. Restituta akavisaga mwenyewe huku akiimba, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Lo, zege likashika! Moto ukawashwa, ukazimwa, ukawashwa tena, ukuta haukuwa na ufa hata wa unywele. Mwenye kiwanda akachinja mbuzi.

Mwisho wa mwezi Restituta akateremka Lituhi na saruji, pamoja na Osward, fundi mwashi; Ignatio akawapokea. Osward akaanza kukoroga zege pale kando ya makaburi. Restituta akaingia makaburini, akazunguka, akarudi, akazunguka tena. Nyasi tupu na vituta vinavyofanana.

"Ignatio, vyungu vya mama viko wapi?"

Ignatio akatazama chini. "Si ulitaka vya zamani? Vile vilikuwa vimetoboka, dada. Havikuwa na kazi."

"Havikuwa na kazi! Mwanahizaya wewe! Haya, nionyeshe basi mama alipolala."

"Mimi... nilizoa vya makaburi yote. Nilidhani wewe unapajua."

Restituta alitaka kumrukia, mara akakumbuka. Nani aliyevisaga? Si yeye? Tena aliimba, jamani, aliimba! Akakaa chini kwenye nyasi, akalia kwa sauti bila kujali nani anamwona.

Osward akasogea na karai lake. "Pole, dada. Sasa nimwage wapi?"

Zege likaanza kukauka.