Foteyi za Mahari

Kitu cha kwanza alichokiona Émerance sebuleni kwa Djo kilikuwa alama nne nne kwenye saruji, safi na nyeusi, mahali miguu ya foteyi, yale makochi yake, ilipokaa miaka yote. Pembeni yazo kote kulikuwa na vumbi jekundu. Nyumba ilikuwa tupu. Kilibaki kiti kimoja cha plastiki, na Djo alikuwa amekikalia.

"Karibu, papa huissier," alisema Djo. "Kamata hii kiti. Ila ungoje nisimame kwanza."

Huissier Stéphane, mtu wa mahakama anayekamata mali za walioshindwa kesi, hakucheka. Djo alikuwa ameiba mashini ya kushona ya Émerance na kuiuza, na mahakama ikaamua amlipe. Aliahidi, akaahidi tena, mwisho akaacha hata kuahidi. Bila mashini Émerance hakuwa na kazi. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao bila kushonwa, wakaenda kwa fundi mwingine. Ndiyo maana leo mali za Djo zingekamatwa, ziuzwe.

"Nani alijua siku?" Stéphane alimwuliza walipotoka.

"Hakuna muntu, papa."

Alisema uongo bila kujua. Walikuwa wamefika barabarani alipokumbuka kwamba Mungu alijua. Na Mama Ngalula.

Mama Ngalula ndiye aliyeongoza kikundi chao cha maombi pale mtaani Naviundu. Ndiye pia aliyemfundisha Émerance kushona, alipoacha shule ya msingi katikati. Kikundini kila mwanamke huleta haja yake, na wengine hufunga kula kwa ajili yake. Haja itajwe kwa jina na kwa siku, Mama Ngalula alizoea kusema, Mungu habahatishi. Basi Émerance, ambaye hawezi kusema mbele ya watu, alimnong'oneza yeye peke yake: Jumatano asubuhi, kwa Djo. Wakashikana mikono, wakaomba.

Alimwomba huissier amsubiri kando ya pikipiki yake, akaenda peke yake, nyumba chache mbele. Mlango wa Mama Ngalula ulikuwa wazi. Foteyi za Djo zilibanana sebuleni mpaka hapakuwa na pa kupita, na frigo lake, jokofu jeupe, lilikuwa limeegemezwa ukutani.

"Usiniangalie vile, mutoto yangu," Mama Ngalula alisema bila kuinuka. "Djo anaoa Benita. Bile bintu biko bya mahari. Mahari ya mutoto haikamatwake."

Émerance alijua kwamba Benita, binti wa Mama Ngalula, anaolewa. Kitenge cha siku ya mahari kilikuwa kwake nyumbani, kimekunjwa, kinangoja mashini. Jina la bwana harusi ndilo ambalo hakuambiwa.

"Familia zimekwisha kukaa, mama?"

"Bado. Mwezi ujao." Mama Ngalula akashusha sauti. "Sikia. Benita iko na mimba. Bakibeba bile bintu, ndugu za baba yake batasema nini? Weye unajua kunyamaza. Nyamaza tu hii moja."

Kunyamaza alikujua kweli. Lakini alijua pia, kama kila mtu wa mtaa ule, kwamba kabla familia mbili hazijakaa na vitu kupokelewa mbele ya wazee, hakuna mahari. Kuna vitu vya Djo, vimefichwa.

Alirudi mlangoni.

"Papa huissier! Bintu bya Djo biko huku!"

Sauti ilimtoka kubwa hata jirani akachungulia juu ya ukuta. Stéphane aliingia, akauliza naye kama familia zimekaa, akaanza kuandika: foteyi, frigo.

Mama Ngalula alipiga mapaja yake. "Émerance! Miye nilikufundisha kushika sindano! Nilikukosea nini?"

Émerance hakuwahi kumtazama mkubwa machoni. Sasa alimtazama.

"Haja yangu ulimupelekea Djo," alisema. "Na siku mama yangu alikufa, niliambia Mungu aksanti, sababu aliniachia weye. Sikukuambiaka."